Una lenzi za zamani? Zikague kabla ya kununua kamera ya dijitali

Katika nyumba nyingi za wapiga picha wa zamani bado lipo begi lenye kamera ya filamu na lenzi mbili tatu. Filamu ni ngumu kupata siku hizi, na mahali pa kusafishia picha pamefungwa au pamegeuzwa duka la vocha. Lakini lenzi zile hazijafa. Lenzi ni vioo vilivyopangwa ndani ya bomba. Kazi yake ni kukusanya mwanga, iwe nyuma yake kuna filamu au kifaa cha dijitali.

Swali linaloulizwa mara nyingi na wanaotaka kuanza kazi ya picha ni hili: je, naweza kununua bodi ya kamera ya dijitali peke yake, nikatumia lenzi za mzee? Jibu ni ndiyo, ila si kwa kila bodi. Anayekosea kuchagua anaweza kubaki na kamera isiyofunga lenzi hata moja. Anaweza kupata inayofunga lenzi lakini haioni vizuri vitu vya mbali. Mbaya zaidi, anaweza kuvunja sehemu ya kamera siku ya kwanza. Kwa mtu aliyeweka fedha za mavuno ili aanze kupiga picha za harusi, kipaimara na mahafali, hiyo ni hasara kubwa.

Kwa hiyo makala hii ina kanuni moja: lenzi ndiyo ikuchagulie kamera. Soma lenzi uliyonayo kwanza, ndipo utoe pesa.

Kwanza, kagua afya ya lenzi

Toa vifuniko vya mbele na nyuma. Washa tochi ya simu, imulike upande mmoja wa lenzi huku ukichungulia upande wa pili kwa mshazari. Usichungulie jua kwa lenzi hata kidogo, litakuumiza macho.

Angalia mambo manne.

Kuvu. Huonekana kama nyuzi nyembamba za utando wa buibui ndani ya kioo. Hupenda unyevu na giza, ndiyo maana lenzi zilizokaa miaka mingi ndani ya begi la ngozi, hasa pwani na kandokando ya maziwa, huathirika sana. Kuvu kidogo pembeni mwa kioo huenda isionekane kwenye picha. Kuvu nyingi katikati hufanya picha iwe na ukungu, na ikikaa muda mrefu huweza kula rangi ya kinga ya kioo isirudi tena.

Mafuta. Zungusha pete yenye namba kama 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Ndani utaona majani membamba ya chuma yakifunga na kufungua tundu la mwanga. Yanapaswa kuwa makavu na kwenda haraka. Yakiwa na mafuta yanayong'aa, au yakienda kwa kujivuta, lenzi inahitaji fundi.

Pete ya kulenga. Izungushe mwanzo hadi mwisho. Iwe laini, isikwame na isicheze ovyo.

Mikwaruzo. Mkwaruzo mdogo wa mbele haudhuru sana. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni mbaya zaidi, kwa sababu uko karibu na mahali picha inapoangukia.

Pili, soma maandishi yake

Mbele ya lenzi kuna jina la kampuni na namba. Tuseme imeandikwa 50mm 1:1.8. Milimita 50 ni kiasi cha kuvuta: namba ndogo kama 28 huchukua eneo pana, namba kubwa kama 135 huleta kitu karibu. Ile 1.8 ni upana wa tundu la mwanga likiwa wazi kabisa. Namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi zaidi, na lenzi inafaa zaidi ndani ya nyumba au kanisani.

Hapo ndipo lenzi za zamani zina faida. Lenzi nyingi za milimita 50 za enzi ya filamu zina tundu la 1.8 au 2. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera ya bei nafuu huanzia 3.5, na ikivutwa mpaka mwisho hufika 5.6. Kutoka f/1.8 hadi f/5.6 mwanga hupungua karibu mara kumi.

Tatu, tambua kifungio

Nyuma ya lenzi kuna sehemu inayofungia kwenye kamera. Hapa tunaiita kifungio. Kila kampuni ina chake, na baadhi zilibadilisha vyao njiani.

Umbo si jambo pekee. Kila aina ya kamera ina umbali maalumu kati ya kifungio na filamu au kihisi, yaani kile kipande kinachopokea picha badala ya filamu. Nikon za kioo cha ndani zina milimita 46.5. Canon EOS zina 44. Kamera za lenzi za kuzungusha kwa skrubu ya upana wa milimita 42, maarufu kama M42, zina karibu 45.5. Canon za zamani za aina ya FD zina 42.

Namba hizo zinaamua mengi. Lenzi ya M42 inahitaji kukaa milimita 45.5 kutoka kwenye kihisi. Kwenye Canon EOS, ambayo ina 44, kunabaki nafasi ya milimita moja na nusu, na hapo huingia pete nyembamba iitwayo adapta. Lenzi inafanya kazi karibu na mbali. Lenzi hiyohiyo kwenye Nikon inakuwa imesogea mbele kupita kiasi. Itapiga vitu vya karibu, lakini mlima, umati wa watu, hata bibi harusi aliye mwisho wa ukumbi, vyote vitakuwa na ukungu. Zipo adapta zenye kioo cha kurekebisha jambo hilo, ila kioo hicho cha bei rahisi mara nyingi hushusha ubora wa picha.

Kampuni kwa kampuni

*Nikon.* Kifungio chake, kiitwacho F, kilianza mwaka 1959 na umbo lake la msingi halikubadilika kwenye kamera zake za kioo cha ndani. Hata hivyo kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni lenzi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1977, mwaka ambao Nikon ilileta mfumo wa AI. Tazama pete ya tundu la mwanga. Ikiwa na safu mbili za namba, kubwa na ndogo, ni AI au ya baadaye. Ikiwa na safu moja tu, huenda ni ya kabla ya AI. Usiilazimishe kwenye bodi kama D7000, D7100, D7200, D300, D700 au D750. Bodi hizo zina kidole kidogo pembeni mwa kifungio, na lenzi hiyo inaweza kukivunja.

Mtego wa pili ni kipimo cha mwanga. D7000, D7100, D7200, D300 na D700 hupima mwanga kwa lenzi za AI baada ya kuziandikia kwenye menyu milimita za lenzi na tundu lake kubwa kabisa. D3100, D3200, D5100, D5200, D80 na D90 hazipimi. Zinapiga, lakini kwa M tu, na mwanga unaukadiria wewe.

Mtego wa tatu ni lenzi zilizoandikwa AF au AF-D. Hizi hulenga zenyewe kwa kuzungushwa na mota iliyo ndani ya bodi. D80, D90, D7000, D7100 na D7200 zina mota hiyo. D40, D60 na zote za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina, hivyo utalenga kwa mkono. Lenzi zilizoandikwa AF-S zina mota yake ndani. Tena, lenzi ya AF-D lazima pete yake ifungwe kwenye namba kubwa kabisa, mara nyingi 22 au 16. Usipofanya hivyo kamera itaandika fEE na kukataa kupiga. Si mbovu, inakukumbusha tu.

*Canon.* Mwaka 1987 Canon iliacha kifungio cha FD na kuanza EF. Lenzi yoyote ya Canon iliyoandikwa EF, hata ya enzi ya filamu, hufunga kwenye kamera zote za dijitali za EOS zenye kioo cha ndani na hulenga yenyewe, kwa kuwa mota iko ndani ya lenzi. Lenzi za FD ndizo zenye shida. Zinahitaji milimita 42 na EOS ina 44, kwa hiyo bila kioo cha kurekebisha hazioni mbali. Ukiwa na FD, usinunue EOS ya kioo cha ndani kwa ajili yake.

*Pentax.* Kifungio cha K kilianza mwaka 1975, na kamera maarufu ya K1000 ilikitumia. Lenzi hizo hufunga kwenye Pentax za dijitali bila adapta. Ingia kwenye menyu, ruhusu matumizi ya pete ya tundu la mwanga, weka M, kisha bonyeza kitufe cha kijani na kamera itapima mwanga.

*Minolta.* Lenzi za Minolta AF, zilizoanza mwaka 1985, hufunga kwenye kamera za Sony Alpha za kifungio cha A, kwa sababu Sony ilirithi mfumo huo na kutoa kamera yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2006. Lenzi za Minolta za kulenga kwa mkono ni kifungio kingine kabisa.

*Zenit na Praktica za skrubu.* Hizi ni M42. Helios 44 ya milimita 58, iliyofungwa kwenye Zenit nyingi za Urusi ya Kisovieti, ni mojawapo. Nunua adapta ya M42 kwenda Canon EOS. Kama lenzi ina swichi ya A na M pembeni, iweke M, ndipo tundu litafuata pete unapoizungusha.

Kamera zisizo na kioo cha ndani

Kamera mpya zaidi, kama Sony za kifungio cha E, Fujifilm X, Canon RF na Nikon Z, hazina kile kioo kinachoruka juu unapopiga. Umbali wake ni mfupi: Sony E ni milimita 18, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16. Hapo nafasi ya kuweka adapta ni kubwa, na karibu lenzi yoyote ya zamani, zikiwemo Canon FD na Minolta za mkono, huona karibu na mbali bila kioo cha ziada.

Kwa mwenye lenzi za kampuni mchanganyiko, aina hii ndiyo salama zaidi. Ukiifunga na ikagoma kupiga, usirudishe dukani. Tafuta kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila lenzi. Kamera haiwasiliani na lenzi ya zamani, hivyo inadhani hakuna kitu mbele yake.

Lenzi ileile, picha finyu zaidi

Bodi nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo kuliko fremu ya filamu. Kinakata pembe za picha. Kwenye Nikon, Sony, Pentax na Fujifilm za namna hiyo, zidisha milimita za lenzi kwa 1.5. Kwenye Canon zidisha kwa 1.6. Lenzi ya 50 itaonyesha eneo kama la 75 au 80.

Hilo ni zuri kwa picha za uso na za kitambulisho, maana unasimama mbali kidogo na uso unatoka kwa umbo lake. Ni baya kwa picha ya ukoo mzima ndani ya sebule ndogo, utagonga mgongo ukutani kabla watu wote hawajaingia. Ukiwa na lenzi ya 28, itakuwa kama 42, na hiyo ndiyo ya kutembea nayo kila siku.

Siku ya kwanza ya kuitumia

Zima kamera. Shika bodi ikiangalia chini ili vumbi lisidondokee ndani, oanisha alama ya lenzi na ya bodi, zungusha taratibu hadi isikike ikibana. Ikikataa, itoe. Lenzi sahihi haihitaji nguvu.

Geuza gurudumu la juu hadi M. Ikiwa kamera haipimi mwanga, anza na vipimo hivi kisha tazama skrini:

- Jua kali la mchana, nje: ISO 100, tundu f/16, kasi 1/125.
- Mawingu mepesi: ISO 100, f/8, kasi 1/125.
- Kivuli cha mti au baraza: ISO 400, f/5.6, kasi 1/125.
- Ndani ya ukumbi au kanisa lenye madirisha: ISO 1600, f/2.8, kasi 1/125.

Vya ndani hutofautiana sana, hivyo vichukulie kama mahali pa kuanzia. Picha ikitoka nyeusi, punguza kasi kwa hatua moja au ongeza ISO. Ikitoka nyeupe, fanya kinyume. Kasi isishuke chini ya milimita ulizopata baada ya kuzidisha: kwa lenzi ya 50 tumia angalau 1/80, kwa 135 tumia angalau 1/250. Watu wakicheza ngoma, 1/250 ni ya chini kabisa.

Kulenga kwa mkono

Kando ya dirisha la kuchungulia kuna gurudumu dogo. Lizungushe mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri kwa jicho lako. Usipofanya hivyo hutajua kama picha imelenga.

Kwenye Nikon, weka nukta ya kulenga kwenye jicho la mtu, zungusha pete, subiri taa ndogo ya kijani ndani ya dirisha. Kwenye kamera yenye picha ya moja kwa moja kwenye skrini, kuza kwa kitufe cha kuongeza, lenga, kisha piga. Kamera nyingi zisizo na kioo hupaka rangi kwenye kingo zilizolengwa. Washa huduma hiyo kwenye menyu.

Kwa matukio ya haraka tumia njia ya wazee. Kwenye lenzi ya 28, weka f/8, weka alama ya umbali kwenye mita 3, kisha acha pete. Kwenye bodi ya kihisi kidogo, kila kitu kuanzia kama mita 2 hadi 7 kitaonekana vizuri. Kazi yako inabaki kusimama mahali sahihi.

Hata hivyo, harusi hairudiwi. Bibi harusi hatavishwa pete mara ya pili kwa sababu picha haikulenga. Anayetaka kulipwa kwa kazi ya sherehe awe na angalau lenzi moja inayojilenga yenyewe, na lenzi za mkono azitumie kwa picha za kupanga: maharusi bustanini, picha za uso, vitambulisho na bidhaa. Mazoezi yafanyike nyumbani, si kwenye shughuli ya mtu.

Tahadhari ya fleshi

Ndani ya begi hilo huenda kuna fleshi ya zamani. Usiichomeke juu ya kamera ya dijitali. Baadhi ya fleshi za enzi ya filamu hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye mguu wake, na zinaweza kuunguza kamera. Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kuipima. Kama hakuna wa kupima, iache.

Vumbi na unyevu

Badilisha lenzi ndani ya nyumba au ukiwa umeupa upepo mgongo, usibadilishie juu ya bodaboda. Kujua kama kihisi kimeingia vumbi, piga anga jeupe kwa f/16. Madoa meusi yanayobaki palepale kwenye kila picha ni vumbi. Tumia mpira wa kupulizia hewa. Usipulize kwa mdomo, mate huacha alama, na usipanguse kihisi kwa kitambaa.

Kioo cha lenzi kipangusie kitambaa laini cha miwani baada ya kupuliza vumbi. Petroli, mafuta ya taa na kona ya shati visiguse kioo. Hifadhi lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja na viatu na simu mpya. Mchele si mbadala mzuri, una vumbi. Lenzi ambayo tayari ina kuvu ikae peke yake.

Kabla ya kutoa pesa

Nenda na lenzi yako kwa muuzaji, pamoja na adapta kama inahitajika. Ifunge hapohapo. Lenga kitu kilicho karibu, kisha mnara au mti wa mbali. Badilisha tundu la mwanga uone kama picha inabadilika. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa. Hakikisha betri inachaji na kadi ya kumbukumbu inasomeka kwenye simu yako.

Muuzaji akikataa usijaribu lenzi, mshukuru uende duka jingine. Na kama lenzi zako zote zimeota kuvu katikati, ni afadhali kuyajua hayo leo, fedha ya bodi ikiwa bado mfukoni.